Jani la isale kwa rubani

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Huku Kibosho sote wazima, ng'ombe amezaa jike, na baba yako kila mgeni anamsimulia habari zako.

Unauliza kama upande ndege kuja Krismasi. Enzi za Mwingereza baba yako alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja wa Kizungu, na hapa hakuna aliyezijua bunduki kama mwanangu. Mwaka huo mvua ilikata barabara ya porini, ikabidi bunduki ziende kwa ndege, naye aende nazo.

Nikaiogopa ndege hiyo, nikashuka Moshi na jani la isale. Unajua kwetu ukiombwa kwa isale hukatai. Nikamkuta uwanjani akifunga bunduki tupu kwenye mablanketi, risasi kazitenga sandukuni. Nikamnyooshea rubani jani, aniachie mwanangu.

"Mama, unaniaibisha," baba yako akaninong'oneza.

Rubani alidhani ni zawadi. Akacheka, akashukuru, akalichomeka kofiani, wakaruka. Nilirudi na hasira. Njiani nikawaza, si amelipokea? Basi atanirudishia mtoto.

Siku ya kurudi nilikuwa palepale. Baba yako alishuka akijidai, ananuka mafuta ya bunduki. Na jani, kavu kabisa, lilikuwa bado kwenye kofia ya yule rubani. Nilikaa chini kwenye nyasi, nikacheka kwa furaha. Hakujua alichopewa, lakini alikitunza.

Panda tu, mjukuu wangu. Jani nimekuwekea humu. Mpe rubani, na asipouliza usimweleze.

Bibi yako, mama yake Aloisi