Mwezi Wangu wa Kamere

Jumanne, 4 Machi
Nimemnyonyesha Neema, nimefua nepi, nimepaka rangi kidogo kabla ya kwenda kazini, kukata maua kwa shamba la kampuni. Ni picha ya ufuo wetu wa ziwa hapa Kamere, mwezi ukiwa umejaa. Maji nimeyafanya zambarau na kijani, kwa mipigo ya brashi mifupi mifupi, minene. Mwezi bado. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mwezi umekaa. Nimepaka rangi ya mafuta kwa kisu, kama siagi kwa mkate. Itakauka polepole. Jumamosi ya wiki ijayo inatakiwa kwenye maonyesho, Naivasha mjini. Picha yangu ya kwanza kukubaliwa popote. Mume wangu, Baba Neema, ati maji hayana zambarau. Aende akayaangalie.

Jumapili, 9 Machi
Nina hasira. Mama mkwe alikuja tukiwa kanisani. Akafagia, akaona picha imelala mezani, akaifunika na kitambaa kipya cha kufuma. Vile hufunika viti, redio, kila kitu. Kitambaa kikashika rangi. Nilipokivuta, mwezi ukaja nacho. Nyuzi zikabaki kwa maji.
Nimemfokea. "Mama, nani alikutuma?"
"Ai, Mama Neema, kitu kizuri si hufunikwa?"
Nikatoka nje. Ningelia.

Jumatatu, 10 Machi
Hasira iko palepale. Baba Neema anacheka, ati mwezi umevaa sweta. Ajipikie. Nimetoa nyuzi kwa sindano, moja moja, Neema akiwa mgongoni. Nazichukia.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwangua mwezi wote. Nimepaka mwingine, mwembamba, ukauke haraka. Si ule. Ule ulikuwa unawaka. Nikifikiria naudhika upya.
Mama mkwe ameleta mayai. Nimeyapokea, halafu nimemwambia wazi: picha zangu haziguswi, hata kwa upendo. Ameitikia kwa kichwa tu. Amembeba Neema mpaka nikamaliza kupaka. Hakuangalia picha hata mara moja. Hiyo nayo imeniuma.

Jumamosi, 15 Machi
Imetundikwa. Kona mbaya, karibu na mlango. Wachache wamesimama. Mwezi bado ni mbichi pembeni.
Mama mkwe alikuja na nguo yake ya kanisa. Hakuna aliyemwita. Akasimama kando ya picha tangu asubuhi, mikono nyuma, na kila anayesogea anamwambia, "Tazama na macho, bado haijakauka."
Bado nimemkasirikia. Nilimtafutia kiti.