Kucha za Rangi ya Kiondo

Mpendwa Susu,

Nakuandikia nikiwa nimenyoosha vidole kama mtu anayeogopa karatasi, maana kucha zangu hazijakauka vizuri. Nimezipaka mwenyewe hapa jikoni kwangu, mjini Tawa: rangi ya machungwa chini, zambarau kwenye ncha, na nukta za kijani zimejipanga safu mbili. Nimefurahi mpaka nimeunguza mboga. Ni miaka mitatu tangu tukuzike, na bado mtu wa kwanza ninayetaka kumwonyesha ni wewe, nyanya yangu.

Ile Jumamosi unaikumbuka. Nilikuwa darasa la saba, na kesho yake ningeongoza wimbo kanisani kwa mara ya kwanza. Kwaya yetu haikuruhusu kutex, ile rangi ya kucha ya dukani, kila msichana alijua, nami nilitamani kucha za rangi kuliko chakula. Ulikuwa umeenda soko la Kalamba. Mikebe yako ya rangi ya kutia katani ya kusukia viondo ilikuwa imepangwa kando ya sufuria kuukuu. Nikajiambia, hii si kutex.

Susu, ilikuwa rahisi ajabu. Unga kidogo wa rangi, matone ya maji ya moto, na gundi ya mgunga ili ishike. Nilipaka rangi ya machungwa kwa unyoya wa kuku, nikapunga mikono hadi ikakauka. Halafu nikachovya mwiba kwenye kijani, nikadonoa nukta moja moja nikifuata mistari ya kiondo chako. Mkono wa kushoto ulitoka safi. Wa kulia ulitoka kama umepakwa na mbuzi. Sikujali. Nilikaa mlangoni nikivigeuzageuza vidole juani, na nakuambia kweli, sijawahi kujiona mrembo vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Nilipanga kuosha jioni. Nikasugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa gunzi la mahindi. Mimi niliyekua nikikusaidia kuchemsha katani nilisahau kwamba rangi ile hununuliwa kwa sababu haitoki. Ulirudi ukanikuta nalia juu ya karai. "Kii ni kyau?" uliuliza, hii ni nini, kisha ukashika vidole vyangu ukavitazama kwa muda mrefu.

Asubuhi mzee wa kanisa akanisimamisha mbele ya kwaya nzima. "Wewe msichana, na hiyo kutex leo huimbi. Enda ukae na wengine."

Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda niliposikia sauti yako kutoka upande wa akina mama.

"Mzee, hiyo si kutex. Ni rangi ya kiondo."

"Na hizo nukta, mama?"

"Kiondo huwa na nukta. Hata hiyo umeshika ya sadaka nilisuka mimi, na iko na nukta. Kama mtoto anatoka, basi na kiondo itoke."

Mzee alikitazama kiondo mkononi mwake. Akina mama wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikaongoza wimbo, Susu, mikono yote miwili juu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Njiani kurudi nilijua fimbo inaningoja, maana ulitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika nyumbani ulileta mikebe, ukaketi mbele yangu kwenye kigoda. Wewe, ambaye hata hereni hukuwahi kuvaa, ukaweka mikono yako juu ya magoti yangu na kutandaza vidole vyote kumi.

"Sasa mimi," ulisema. "Anza na hii ya gumba. Na ufanye pole pole, sina haraka."

Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kukupaka, hata nikasahau kukushukuru. Asante, Susu. Pumzika vizuri.

Mjukuu wako,
Mwikali