Usingizi Wangu wa Garini

Bibi, shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: ndani ya gari huwa silali. Tangu gari letu lilipoteleza kwenye barafu huku Marekani, pale Gaithersburg, nikipanda tu nafumba macho, nakoroma kidogo, Baba asijue kuwa naogopa.

Kwa safari hii ya kwenda mlimani kucheza ski, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, Baba alihangaika mpaka akapata pale Wheaton gari la kukodi lenye matairi ya theluji. "Gusa, mama. Baridi yote hii, mpira bado laini!" Nikagusa, laini kweli. Hata hivyo nikafumba macho.

Tulipoanza kupanda mlima nikamsikia akinong'ona, "Laiti ungeamka uone! Lakini usingizi huu umeurithi kwa bibi yako." (Samahani, Bibi, ni maneno yake.)

Nikafumbua jicho moja. Bibi! Theluji ile tuliyokuwa tukiitazama kwa mbali kutoka uani kwako Moshi ilikuwa inaangukia kwenye kioo chetu. Misonobari imeinama kwa uzito, barabara yote nyeupe, na gari linapanda taratibu bila kuteleza hata kidogo. Nikafumbua na la pili. Hofu sikuiona. Lakini Baba alipogeuka nikafumba tena, na mpaka sasa anadhani aliyaona yale peke yake.

Jifunike vizuri, Bibi, Mungu akutunze. Buti za Baba hizo, zinakuja mlangoni. Muda wote ninapoandika nimeifunika kadi hii kwa mkono, asiisome. Sasa nauondoa.

Mjukuu wako,
Neema