Gazeti Lililofika Mlangoni

Kaka Haji,

Nilianza kuandika "mpendwa", nikalifuta. Nimekuita kaka kwa sababu hilo halifutiki.

Barua yako imefika Michenzani na Mama nimemsomea mara mbili. Unasema masomo yamekwisha, utarudi Unguja baada ya Idi, tukutengezee mahali pa kulala. Umeuliza afya ya Mama. Umeuliza kama maji yanapanda mpaka ghorofa ya tatu. Kisha chini kabisa, kwa mzaha wako ule ule, umeandika: "Na yule Bobi, keshajua kwenda haja nje?" Baba hukumtaja. Nimeigeuza karatasi mbele na nyuma, hukumtaja.

Basi nianze na mbwa, maana ndiye uliyemuulizia.

Unakumbuka siku Baba alipomleta? Yule fundi wa Kijerumani ambaye Baba alikuwa mpishi wake alikuwa anarudi kwao, mbwa wake kazaa, watoto wote wamegaiwa kabaki mmoja. Baba alipanda ngazi za nyumba yetu ya zamani ya Mkunazini na kikapu cha sokoni, na ndani ya kikapu kulikuwa na kitu kinanung'unika. Mama alirudi nyuma, akaikusanya kanga yake. "Hicho nini, baba Haji?" Baba akamweleza kwamba ni wa Mjomba, kule Paje, nguruwe mwitu wanammalizia mihogo. Angekaa nasi miezi miwili tu, apate nguvu na adabu kidogo. Mbwa wa kulinda shamba dini haikumkataza, alisema. Mama akakubali kwa masharti. Mbwa asivuke chumba cha mbele, na chochote atakachokilamba au kukilowesha kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Siku ile ile ndoo ya udongo ikawekwa juu ya ngazi.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wetu, wewe na mimi.

"Mbwa mnyama wa nje," ulisema. "Mzoeshe ndani, atakukojolea ndani mpaka afe."

"Nje wapi? Hapo chini watu wamekaa barazani na kanzu zao. Utampitisha wapi?"

"Wee ntazame mie."

Nikakutazama. Siku tatu ulimbeba mpaka kwenye lile gofu nyuma ya nyumba, asubuhi na baada ya alasiri. Siku ya tatu watoto wakawarushia mawe nyote wawili, na mzee mmoja akakunja kanzu yake ulipopita, utadhani mbwa ni wewe. Ulirudi umenuna, ukamweka sakafuni, naye akautoa pale pale mkojo wote aliokuwa ameuzuia huko nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakati huo ulikuwa umeshaajiriwa ofisini, una suruali zilizopigwa pasi na watu wa kukuona. Hukumtoa tena.

Kazi ikawa yangu, nami nina miaka kumi na minne. Baba alinifundisha alivyomwona mke wa Mjerumani akifanya. Unatandika gazeti sehemu moja. Akiamka, akishakula, akianza kunusa na kuzunguka, unambeba unamweka juu yake. Ukibadilisha, unabakisha kipande chenye harufu chini ya karatasi mpya. Magazeti ulituletea wewe kutoka ofisini, ya zamani, yamefungwa kamba. Mama hakukubali yatandikwe kabla hajayapekua. Lenye herufi za Kiarabu alilitoa. Herufi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo nilimsomea, na penye jina la Mwenyezi Mungu au la Mtume alilikunja gazeti zima akalipandisha juu ya kabati. Picha hatukuzitazama. Nyumba ile ilimwogopa Mungu, Haji, haikuwa na habari ya kumwogopa mtu wa gazetini.

Na shauri la mwisho lilikuwa lako. Ulinikuta nimepiga magoti nasugua sakafu, ukanionea huruma. "Basi gazeti lako lisogeze hatua moja kila siku," uliniambia. "Likifika mlangoni, keshokutwa liko nje, na mimi ntakuwa nshashinda." Ndiyo mara pekee tuliyokubaliana. Nililisogeza hatua moja kila siku, wiki mbili, na Bobi hakukosea hata mara moja. Baba alifurahi. Alisema kijibwa kina adabu kuliko sisi.

Siku gazeti lilipofika mlangoni, juu kabisa ya ngazi, ndiyo siku uliyokuja na mwenzio wa kazini.

Alikuwa na kiu, ulisema baadaye. Mlipanda mkicheka. Bobi alikuwa amechutama mlangoni, na chini yake, ukurasa wa mbele umeangalia juu, ilikuwepo sura ya mkubwa mmoja ambayo kila mtu Unguja anaijua. Mwenzio akasimama, mguu mmoja ngazi ya chini. Alipomwona Baba anatoka jikoni, akamwamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akayapokea maji, akanywa yote, akashukuru. Kisha akauliza kwa upole, "Hapa nani alotandika?"

Wewe ulikuwa umeshaniona. Asubuhi ile ulilivuka gazeti lile lile kwa viatu vyako ukienda kazini, mimi bado nimeinama nalinyoosha pembe. Ukamjibu mwenzio bila ya kunitazama: "Mzee huyo. Mie nshamwambia mara ngapi, mbwa atolewe nje."

Baba alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi. Mikono yake ilikuwa na unga. "Naam, ni mimi," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi." Mama alikuwa ameshanishika mkono chini ya kanga na kuuminya, na alama za vidole vyake zilikaa siku nne. Nilinyamaza. Nami nakwambia leo kwamba nilinyamaza, ili usije ukadhani nimesahau.

Kwa muda mrefu nilijitahidi kuamini kwamba ulimtaja Baba ili uniokoe mimi. Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini uliyaleta wewe magazeti yale, na neno hilo hukulisema. Na siku ya pili ukaenda ukamshitaki Baba, ukayaandika yote kwa mkono wako. Usikatae. Baba alioneshwa ile karatasi, na hati yako aliijua, kwa sababu barua zake zote ulimwandikia wewe tangu ukiwa darasa la tano. Alimwambia Mama mara moja tu, akamwomba asikwambie kuwa anajua. Mama hajakwambia. Nimekwambia mimi.

Walimweka ndani miezi mitano. Wiki aliyochukuliwa, Mjomba alikuja kumchukua Bobi ndani ya kapu la muhogo. Na Baba aliporudi, wewe ulikuwa umeshapata safari yako ya masomo Bara, kwa hiyo hukumwona. Nitakuonesha mimi. Alirudi hawezi kushika kisu. Mlango ukigongwa, hata na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, alijikojolea. Mama alimtandikia kanga kuukuu kitandani na nyingine juu ya kiti, na gazeti halikuingia tena nyumbani kwetu. Baba aliona haya mbele yangu kuliko mbele ya mtu yeyote. Siku moja nilikuwa naanua kanga zake, akaniita, akajaribu kucheka. "Zuhura mwanangu," aliniambia, "Bobi kanishinda." Niliingia jikoni nikafunga mlango.

Alipokufa, majirani waliuliza mtoto wake wa kiume yuko wapi ashuke kaburini kumpokea. Alishuka muuza mkaa wa pale chini, yule aliyekuwa akiwafukuza watoto wasitupigie kelele. Wewe ulileta simu ya maandishi, maneno matano.

Sasa nikujibu swali lako. Bobi yu hai. Alipofika Paje, na nje yote ile, mwezi mzima alizunguka akitafuta karatasi. Upepo ukileta kipande cha mfuko wa saruji, alikikimbilia akachutama. Mjomba alicheka sana. Siku hizi anakwenda popote, na nguruwe wanamwogopa. Kwa hiyo hoja yako ilikuwa sawa, kaka. Angezoeshwa nje tangu siku ya kwanza, ungevumilia mawe ya watoto na kanzu ya yule mzee wiki moja zaidi, Baba angekuwa anatupikia hadi leo. Nimekukubalia. Furahi.

Mama anasema urudi. "Mwanangu, atakwenda wapi?" anasema, na godoro lako keshalianika. Siwezi kukuzuilia mlango wake, wala sitajaribu. Bado nakukumbuka umembeba Bobi kifuani unateremka ngazi, na siku nyingine kumbukumbu hiyo inanikasirisha kuliko zote.

Lakini ukishuka bandarini usije kwetu kwanza. Nenda kwa yule muuza mkaa, yupo pale pale Mkunazini, akupeleke kwenye kaburi la Baba. Kaa hapo kadiri utakavyoweza. Ukiondoka, funga udongo kidogo katika kitambaa chako. Ndoo ya Mama tulihama nayo, iko nyuma ya mlango hapa ghorofani, tupu. Utanawa mikono mara saba kabla ya kumshika Mama, na moja utanawa kwa udongo huo.

Usiumalize. Mimi mwanamke, kaburini sijafika. Nibakishie konzi moja ya kuoshea mikono yangu.

Ni mimi dada yako,
Zuhura, niliyetandika gazeti.