Chavua Ilipigiwa Vigelegele, Vidonge Vilikuwa Mfukoni

Mshauri wangu, nisaidie, nakuandikia na haya usoni maana mimi ni mama wa maombi hapa Nechells, Birmingham, na sijazoea kuumbuka. Mume wangu Gaston alipimwa damu, daktari akasema kolesteroli iko juu, akampa vidonge, lakini dada Sabine wa kwaya akaniletea unga wa chavua, ule unga wa maua unaokusanywa na nyuki, akasema chavua ya maua inashusha mafuta ya damu na imejaa antioksidanti, sijui ni kinga gani ya mwili, neno alilolitamka kama anakemea pepo, nami nikawa namkorogea Gaston kwenye uji, nikamwambia vidonge aviache, tumtegemee Mungu na maua yake. Alipopimwa tena damu ilikuwa nzuri, Jumapili nikasimama nikatoa ushuhuda, kanisa zima vigelegele. Sasa juzi nafua koti lake la kazi, nakuta vidonge mfukoni, namwuliza, ananijibu hata hageuki, "Mama Aganze, nilikuwa nameza kazini. Uji wako nilikunywa kwa ajili ya amani." Ningecheka, lakini ndugu Magloire wa kanisani kwetu, anayekaa mtaa wa Castle Vale, aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa moyo, alisikia ushuhuda wangu akaacha dawa zake, anakula chavua tu, na mke wake ananibariki kila tukikutana. Nikisema ukweli, si nitamwaibisha Bwana?

Mama Aganze, Nechells

Mama Aganze, Bwana hajakuajiri umlindie jina. Anayeogopa aibu ni wewe.

Hongera kwa uji, lakini. Vidonge vimefanya kazi kimyakimya kama mke wa mchungaji, chavua ikapanda mbele kupokea vigelegele. Ni kweli wataalamu wamejaribu dondoo la chavua, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwa panya, na kuna panya ambao mafuta yao yalishuka. Tunawapongeza panya. Ndugu Magloire si panya, na moyo wake hauwezi kungoja utafiti ukue.

Na Gaston, mwanamume mzima anaficha kidonge kama mtoto aliyeiba sukari, mwambie nimemsikia.

Jumapili ni mbali. Ukimaliza kusoma hapa vaa koti, panda basi, mwambie Magloire mbele ya mke wake: "Gaston alikuwa anameza vidonge." Ni sentensi fupi, haihitaji kwaya. Usiondoke mpaka ampigie daktari simu, aseme ameacha dawa, aseme na chavua. Halafu Jumapili simama palepale uliposimama, ushuhudie upya. Vigelegele vitakuwa vichache, utavizoea.

Miguu ikiwa mizito, mkumbuke huyo mama anayekubariki. Bado ana mume.