Profoma ya Tatu

Tabata, Dar es Salaam
Jumatano jioni

Kaka Osmundi,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yangu, wifi msalimu. Kifua cha mama kimetulia? Watoto wanakwenda shule? Mie mwili mzima, chakula napata, na chumba changu cha hapa Tabata bado ninacho, japo mwenye nyumba kila siku ana jipya. Roho ndiyo haijatulia. Tangu juzi napiga simu yako haipatikani, ya wifi inaita mpaka inakata. Nadhani uko msituni kwenye mbao. Kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la kesho alfajiri, aiache kwa mama pale gengeni kwake stendi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote, hata akijiita ndugu.

Isome yote, kaka. Usikasirike katikati ukaitupa. Kasirika mwishoni.

Unakumbuka mwaka jana nilikuomba picha ya cheti chako cha TIN, ile namba ya mlipakodi, nikakwambia nakutafutia tenda huku? Nilikudanganya. Baadaye nikasikia umetangazia kijiwe kizima kwamba mdogo wako anakuhangaikia Dar. Nikaona aibu, nikanyamaza.

Ukweli ni huu. Wateja wakubwa wa karakana yetu ya samani, kama shule, hawaruhusiwi kununua kwa bei ya mtu mmoja. Wanatakiwa kupata profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka biashara tatu tofauti, wachague ya chini. Sasa mjini hapa nani ana muda wa kuzunguka karakana tatu? Mnunuzi anakuja kwa bosi wetu, Mzee Lameki, anamwambia, "Hizo nyingine mbili nitafutie hukohuko." Na anayezitafuta ni mie karani. Naandika moja yetu, na mbili za watu wengine zenye bei ya juu, ili yetu ishinde. Kila mtu anafanya, ndivyo nilivyojiambia. Ya pili ilikuwa ya shemeji yake bosi. Ya tatu ikawa ya karakana yako, kwa cheti kile.

Unanijua nilivyo na kazi yangu. Invoisi ya kudai malipo nikiandika mie, hairudishwi na mhasibu: jina la biashara, TIN, namba inayofuatana na iliyotangulia, tarehe, aina ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja, jumla. Bosi alikuwa anawaambia mafundi, "Detha akiandika, hata malaika haoni kasoro." Nami nilivimba kichwa, nisikufiche.

Basi ikaja shule moja ya bweni, inataka vitanda vya ghorofa vya mninga. Nikaandaa profoma zangu tatu. Bei ya kitanda kimoja kwenye yako niliiweka juu kidogo ya yetu, kama kawaida. Lakini yetu ilibeba VAT, kodi inayoongezwa juu ya bei, na yako haikubeba, maana wewe hujasajiliwa VAT, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuiandika. Nikaandika kwa usahihi kabisa, mjuaji mie! Sikutazama jumla. Yako ndiyo ikawa ya chini kuliko zote. Nikagonga mhuri wa jina lako, tuliochonga wenyewe, nikapeleka. Haikupita wiki mbili oda ikaja, ina jina lako.

Nilidhani bosi atanifukuza. Akacheka mpaka akakohoa. "Si ndugu yako? Tufanye kwa jina lake, kuna ubaya gani?" Nikashukuru, mjinga mie. Nikaandika na invoisi yenyewe: Osmundi Samani, vitanda arobaini, mninga. Bosi akaipeleka pamoja na barua yenye saini yako, aliyoichora yeye, kwamba malipo yaingie kwake. Halafu nikaona mbao zinashushwa. Paini, kaka. Paini mbichi, mbao laini za bei nafuu, zikapakwa rangi ya mninga. Nikamuuliza fundi mmoja, akanijibu, "Sista, wewe kazi yako kuandika." Nikarudi mezani kwangu.

Mwezi uliopita huko shuleni kitanda cha juu kimekatika, msichana amelala chini yake. Amevunjika nyonga. Yuko hospitali mpaka leo, na baba yake haondoki pale kitandani.

Jumatatu walikuja watu wawili karakana. Mmoja wa shule, mwingine simjui, anatazama tu. Wameshika invoisi. "Osmundi Samani ni nani?" Bosi hakubabaika. "Fundi wa mkoani, Mbinga. Mie nilimsaidia usafiri tu." Akanigeukia, akatabasamu.

Tangu saa ile ananiita mwanangu. Miaka yote niliyofanya kazi kwake hajawahi. Jana kaniuliza kwa upole, kwetu ukishuka stendi unashika njia ipi, na mama anapenda kitenge cha rangi gani. Nikasema sikumbuki vizuri. Akasema haidhuru, anwani anayo kwenye cheti. Leo nimefungua droo yangu, kitabu cha invoisi hakimo. Na gari lake limeondoka mchana huu limejaa sukari, mchele na kreti za soda. Mlinzi anasema bosi na watu wake wameaga wanakwenda Songea, njia ya huko kwetu, kumwona mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni wewe, kaka.

Bosi ana karatasi, niliiona mezani kwake. Inasema vitanda ulitengeneza wewe na pesa ulipokea wewe. Atakuja na adabu zote, atamwinamia mama, atasema nimemtuma mie. Sijamtuma! Usisaini kitu chochote, na mizigo yake airudishe garini. Nakujua, mtu akikuheshimu unashindwa kumkatalia. Safari hii mkatalie. Wewe uliyemrudishia mteja pesa yake kwa ajili ya mguu mmoja wa kiti, leo uitwe muuza paini!

Lakini gari lake limetangulia, na basi ni la kesho. Huenda unasoma hapa na wino wa saini yako umeshakauka. Kama ni hivyo, usikae nyumbani kungoja kufuatwa. Mchukue mwenyekiti wa mtaa, nenda polisi na barua hii. Profoma ile na invoisi ile niliziandika kwa mkono huuhuu unaousoma, wafananishe herufi kwa herufi.

Mie kesho nikishamkabidhi kondakta, sirudi karakana. Naenda hospitali kwa baba wa yule msichana, nimweleze nani aliandika mninga. Naogopa, kaka. Nimeoga na kunyoosha gauni la kanisani.

Nisalimie wifi, na mamdogo anayenifumia sweta. Paroko mwombe anikumbuke kwenye misa, sababu usimwambie. Mama usimsomee barua hii mpaka nikupigie. Na zikipita siku tatu sijapiga, msomee.

Jina langu nimeliandika kamili, la ubatizo na la baba, wakija kumtafuta mtu wasianze na wewe.

Mdogo wako,
Bernadeta Kandidi,
karani