Ree ya Kopa Ninakurudishia

Deusi, Nchi Ndogo wangu,

Shikamoo yako nimekusamehe, maana miezi miwili niliyokuzidi si umri. Nimekuja mwenyewe leo. Nimekaa hapa kibanjani kwenu, kando ya kaburi lako, mgongo kwenye mgomba, daftari la uraia magotini. Mama yako kanipa ndizi ya gonja ya kuchoma, wala hakuniuliza kwa nini siko shuleni. Anajua mimi ni nusu shule nusu gulio, kama ulivyozoea kunitangaza.

Kikao ni saa tisa. Hoja ni ileile, yako. Edita kairudisha.

Wacha nikukumbushe, maana huenda udongo umekuziba masikio. Mwalimu wa uraia alisema maharage ya shamba la kidato cha pili tutayaamulia wenyewe, kwa kikao kama cha mataifa. Akagawa nchi kwa vikaratasi. Mimi nikaokota taifa kubwa. Uso huu ungeokota nini kingine? Wewe ukaokota kanchi kadogo, hata mwalimu alikatafuta kwenye ramani kwa kidole. Aliposema wakubwa wana kura ya turufu, sote tukadhani anasema karata. Nikachomoa ree ya kopa, ile tuliyokuwa tukichezea nyuma ya jiko la shule, nikaipiga mezani. Mwalimu akacheka mpaka akaiacha iwe sheria.

Ukasimama. Maharage yetu yapande pikapu ya shule, yaende kambini kwa wakimbizi waliovuka mto.

Basi, makelele! Projesti akasema ya nini, wakubwa wana ndege, mashirika yana magari meupe, sisi tunayapungia mkono nayo yanatutia tope. Wengine wakasema wakubwa ni kama baba mdogo tajiri wa mjini: akija kaleta mikate, asipokuja ana sababu zake. Ndipo Edita, ambaye bibi yake alivuka mto uleule zamani, akasema taratibu, "Hao wakubwa wana redio. Walisikia kabla yetu." Ukadakia, "Basi sisi tusiwangoje." Mikono ikaanza kuinuka. Hata wa Projesti ulishafika begani.

Nami nikapiga ree. "Turufu!"

Hoja ikafa, wakacheka, Deusi. Nilitaka wacheke. Na nilitaka maharage yale yapikwe siku ya kufunga shule, nisikudanganye. Hukugombana. Uliniangalia tu, ukasema kama mtu aliyefungwa karata, "Umekula, mkubwa."

Jumamosi ukapakia maharage ya kwenu kwenye baiskeli, ukaondoka peke yako. Mvua. Mteremko wa kuelekea Omurushaka. Na ile baiskeli breki yake ilikuwa ndala yako, unakanyagia tairi la nyuma. Ndala ikiloa, je?

Wanasema maharage yalimwagika mpaka mtaroni. Watu waliyaokota, wakayaosha, yakapikwa msibani kwako. Nilipewa sahani. Kweli nilikula, Deusi. Ulishasema.

Tangu siku hiyo jina langu limepotea, naitwa Mkubwa. Zamani ningetembea kifua mbele. Sasa nikiitwa naangalia chini. Dawati letu nakaa peke yangu. Mtu akisogea, namwambia pana mwenyewe.

Asubuhi Projesti kanikamata shati pale bombani: "Mkubwa, usitulegezee. Edita akisimama, piga!" Edita alikuwa hapohapo anajaza ndoo. Alitazama mfuko wangu tu, kama mtu anayetazama mbwa bila kujua kama amefungwa. Hoja ikipita, pikapu inaondoka kesho. Ikianguka leo, mwalimu kasema hairudi tena, maharage yanaingia jikoni.

Utasema, si uache tu kupiga? Bwana wee, unanijua. Naweza kuingia pale na moyo safi kama wa padri, halafu Projesti akohoe, mmoja acheke, na mkono huu utakuwa umeshafika mezani kabla sijauuliza. Siuamini. Nimekuwa nikifikiri, labda na wale wakubwa wenyewe ndivyo walivyo: si kwamba wanatuchukia, wanapenda tu kusikia karata ikilia mezani. Sijui. Nusu shule hii haifiki huko.

Kwa hiyo nimechimba kwa kijiti, upande wa kichwa chako. Ree ya kopa iko chini, nimeigandamiza na jiwe. Wakiniuliza, nitawaambia turufu anayo Nchi Ndogo, mfuateni. Nitainua mkono mtupu kama wengine, na Projesti anichukie hadi likizo.

Na wakikataa hata bila turufu, usihangaike. Baiskeli yako mama kanikabidhi. Nimeifungia breki mbili, mbele na nyuma, za chuma. Nimezijaribu mteremko uleule, mara tatu, nikilia kama mjinga. Zinashika. Maharage yatafika, kwa pikapu au kwa miguu yangu hii.

Jua limeshapita kichwani, naondoka. Lala, Mheshimiwa. Safari hii umekula wewe.

Wako,
aliyekuwa Mkubwa